Kiti na Kamera: Maya Deren na Filamu ya Haiti Iliyobaki Sandukuni, 1947–1961

Utangulizi

Mwezi Septemba 1947 Maya Deren aliwasili Haiti akiwa na kamera, mashine ya kurekodia sauti kwenye waya, na ufadhili wa Wakfu wa Guggenheim. Alikusudia kutengeneza filamu ambayo ngoma za Haiti zingekuwa kiini chake. Alipofariki mjini New York tarehe 13 Oktoba 1961, akiwa na umri wa miaka 44, filamu hiyo ilikuwa haijatengenezwa. Saa kadhaa za picha zilikuwepo. Sauti za waimbaji na wapiga ngoma zilikuwepo. Kitabu kikubwa kuhusu dini ya Vodou kilikuwa kimechapishwa tangu 1953. Filamu yenyewe haikuwepo.

Walioandika kuhusu maisha yake wamelieleza jambo hili kwa njia mbili. Wapo wanaoliona kuwa ni kushindwa: msanii aliyeng'ara kuanzia 1943 hadi 1946, kisha akapotelea katika dini ya watu wengine na asirudi tena kwenye kilele chake. Wapo pia wanaolipita haraka na kuingia moja kwa moja katika filamu inayobeba jina la kitabu chake, iliyohaririwa na watu wengine baada ya kifo chake, kana kwamba pengo lilikwisha kuzibwa. Insha hii haikubaliani na pande zote mbili. Hoja yake ni kwamba kuachwa kwa picha za Haiti bila kuhaririwa kunapaswa kusomwa kama sehemu ya kazi ya Deren, na kwamba swali lililomfunga mikono huko Haiti alikuwa nalo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940, kabla hajatengeneza filamu hata moja.

Kuna istilahi moja inayopaswa kuwekwa wazi mapema. Katika Krioli ya Haiti, mtu anayeshukiwa na lwa, yaani mmoja wa miungu na mizimu inayotumikiwa katika Vodou, huitwa chwal, farasi. Nayo lwa husemwa kuwa imempanda. Hapo ndipo linapotoka jina la kitabu cha Deren, Divine Horsemen, wapanda farasi wa kiungu. Msomaji wa Kiingereza huhitaji aya nzima ya maelezo ili aipokee taswira hiyo. Msomaji wa Kiswahili anayo tayari. Katika pwani yetu pepo hupanda kichwani, na anayepandwa huitwa kiti. Hatudai kwamba pepo na lwa ni kitu kimoja. Pepo wa pwani mara nyingi hujulikana kwanza kwa maradhi, na ngoma huchezwa ili apungwe au apatane na kiti chake. Lwa ni sehemu ya ibada ya kudumu inayofungamana na ukoo, ardhi na wafu. Wala hatujengi hoja ya nasaba. Ni kweli kwamba katika robo ya mwisho ya karne ya 18 meli za Wafaransa zilibeba mateka kutoka Msumbiji, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Saint-Domingue, koloni ambalo baadaye lilikuwa Haiti. Lakini mizizi mikuu ya Vodou iko Dahomey, kwa Wayoruba na Kongo. Tunachokihitaji katika lugha yetu ni wazo lenyewe: kwamba mtu anaweza kuwa mahali pa kukaliwa, na kwamba anayezungumza na kiti hazungumzi na mwenye mwili. Wazo hilo ndilo lililomshughulisha Deren maisha yake yote.

Kabla ya kamera

Alizaliwa Kyiv mwaka 1917 katika familia ya Kiyahudi, akapewa jina la Eleanora Derenkowska. Baba yake alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Mwaka 1922 familia ilikimbia mashambulizi dhidi ya Wayahudi, ikahamia Syracuse katika jimbo la New York na kufupisha jina kuwa Deren. Alisoma kwa muda Geneva, akajiunga na harakati za vijana wa kisoshalisti, akaolewa mara ya kwanza akiwa bado kijana sana, na mwaka 1939 akapata shahada ya uzamili katika Chuo cha Smith kwa tasnifu kuhusu athari za washairi wa ishara wa Ufaransa katika ushairi wa Kiingereza. Mambo haya yamesimuliwa mara nyingi na hayana haja ya kurefushwa hapa.

Lililo na uzito zaidi kwetu ni mwaka 1941. Mwaka huo alipata kazi ya ukatibu kwa Katherine Dunham, mcheza dansi na mwanaanthropolojia Mwafrika-Mmarekani aliyekuwa amefanya utafiti Haiti mwaka 1935 na 1936, na ambaye mwenyewe alipitia hatua za kuingizwa katika Vodou. Deren alisafiri na kundi la Dunham na kuzisoma kumbukumbu za utafiti wake. Matokeo ya kwanza ya ukaribu huo yalikuwa makala kuhusu kupagawa kidini katika dansi, iliyochapishwa mwaka 1942 kwa jina la Eleanora Deren katika jarida la ualimu wa dansi. Filamu yake ya kwanza ilikuja mwaka mmoja baadaye.

Mpangilio huu wa tarehe si jambo dogo. Masimulizi ya kawaida yanaanza na mtengenezaji filamu ambaye baadaye anakutana na Vodou. Kumbukumbu zinaonyesha mwandishi aliyekutana kwanza na habari za kupandwa, kisha akaitafuta kamera. Na alipoipata, wachezaji wa Dunham waliendelea kuwa naye: Talley Beatty ndiye mchezaji pekee katika A Study in Choreography for Camera (1945), na Rita Christiani, mzaliwa wa Trinidad, ndiye mhusika mkuu pamoja na Deren mwenyewe katika Ritual in Transfigured Time (1946). Historia ya filamu ya majaribio ya Marekani ina tabia ya kuwataja wawili hawa kama miili iliyopigwa picha. Walikuwa zaidi ya hapo. Waliyaleta mbele ya kamera mafunzo ambayo Dunham aliyajenga kutokana na ngoma za Karibi, na mtafiti anayetaka kujua Haiti iliingia lini katika filamu za Deren hana budi kuanza nao.

Filamu nne na swali moja

Los Angeles ndiko alikokutana na Alexander Hammid, mpiga picha na mtengenezaji filamu kutoka Chekoslovakia aliyekimbia Wanazi. Walioana mwaka 1942. Baba yake Deren alipofariki alimwachia urithi mdogo, na kwa fedha hizo ikanunuliwa kamera ya Bolex ya milimita 16 iliyokwisha kutumika. Mwaka 1943, wakiwa wawili tu nyumbani kwao, bila wafanyakazi na kwa gharama isiyofika dola 300, walitengeneza Meshes of the Afternoon. Wakati huo huo Eleanora alichukua jina la Maya, kwa pendekezo la Hammid.

Filamu hiyo ya dakika kumi na nne hivi inajulikana sana kiasi kwamba ni rahisi kuitazama bila kuiona. Mwanamke anaingia nyumbani, anasinzia kitini, na tendo la kuingia linarudiwa mara kadhaa. Kila mara anaongezeka mwanamke mwingine aliye yeye yule. Ufunguo unageuka kisu. Mtu aliyevaa joho jeusi ana kioo mahali pa uso. Karibu na mwisho mmoja wao anainuka na kisu mkononi, anapiga hatua chache, na kila hatua inakanyaga ardhi nyingine: mchanga wa ufuoni, majani, lami, zulia. Wahakiki wengi wameifasiri filamu kwa saikolojia ya Freud, wakaitafuta siri ya ndoa au ya utoto. Deren alikataa tafsiri hizo maisha yake yote. Msimamo wake ni wa kuaminika, kwa sababu filamu haituambii chochote kuhusu mwanamke huyu ni nani. Inachunguza jambo jingine: mwili mmoja unaweza kuwa makazi ya wangapi?

Swali hilo linafuatiliwa katika At Land (1944), ambamo mwanamke anatupwa ufuoni na mawimbi yanayorudi nyuma, kisha anatambaa juu ya meza ndefu ya karamu bila wageni kumwona. Linafuatiliwa pia katika filamu fupi ya Beatty, dakika tatu au pungufu, ambamo mchezaji anainua mguu msituni na kuushusha sebuleni. Lakini linafika mbali zaidi katika Ritual in Transfigured Time. Humo kuna mkusanyiko wa watu ukumbini, wanasalimiana na kupishana. Deren alirudia vipande vya salamu zilezile, mkono uleule ukinyooshwa tena na tena, mpaka mazungumzo ya kawaida yakawa dansi bila mtu yeyote kuamua kucheza. Christiani na Deren wanabadilishana nafasi hadi mtazamaji hajui nani ni nani. Mwishoni mwanamke aliyevaa vazi la mjane anazama majini, picha inageuzwa, nyeusi inakuwa nyeupe, na mjane anakuwa bibi harusi.

Mwaka huo huo wa 1946 alichapisha kijitabu cha nadharia, An Anagram of Ideas on Art, Form and Film. Anadai humo kwamba sanaa anayoitaka ni ya kiibada, na kwa ibada anakusudia umbo ambalo ndani yake mtu binafsi anapunguzwa kuwa sehemu ya jambo lililo kubwa kuliko yeye. Na kupunguzwa huko humpanua wala hakumwangamizi. Maneno hayo aliyaandika kabla hajaiona Haiti. Ni nadharia ya kiti iliyoandikwa na mtu ambaye alikuwa bado hajakaa katika duara la ngoma.

Umaarufu wake ulijengwa kwa mikono yake mwenyewe. Mapema 1946 alikodi ukumbi wa Provincetown Playhouse mjini New York akaonyesha filamu zake mbele ya watu waliojaa, jambo lililomchochea Amos Vogel kuanzisha chama cha sinema cha Cinema 16 mwaka uliofuata. Alizunguka vyuoni akihutubia na kuonyesha. Mwaka 1946 alipata ufadhili wa Guggenheim, wa kwanza kutolewa kwa ajili ya kazi ya ubunifu katika filamu, na mwaka 1947 alitunukiwa mjini Cannes katika kundi la filamu za milimita 16. Kwa hiyo aliyeteremka Haiti hakuwa mwanagenzi anayetafuta jina.

Mpango na kilichoupata

Mpango wa awali ulikuwa mkubwa. Gregory Bateson alikuwa amemruhusu kutumia picha ambazo yeye na Margaret Mead walizipiga Bali, na Deren alitaka kuziunganisha na za Haiti pamoja na michezo ya watoto, bila msimulizi, kama nyuzi za ukili zinavyopishana mpaka mkeka utokee. Mwendo wa mkono wa Bali ungeanza, wa Haiti ungeukamilisha. Ilikuwa kanuni ileile ya mguu wa Beatty, sasa ikivuka bahari.

Haiti aliyoikuta haikuwa mahali patupu panaposubiri kuunganishwa. Marekani ilikuwa imeikalia nchi hiyo kijeshi kuanzia 1915 hadi 1934, na katika miaka hiyo Vodou ikageuzwa kuwa bidhaa ya kutisha: kitabu cha William Seabrook, The Magic Island, kilitoka mwaka 1929, na filamu ya White Zombie ikafuata mwaka 1932. Mwaka 1941 na 1942 Kanisa Katoliki, likisaidiwa na serikali ya Rais Élie Lescot, liliendesha kampeni dhidi ya kile lililokiita ushirikina. Ngoma na vyombo vya ibada vilichomwa, na waumini wakatakiwa kula kiapo cha kuikana dini yao. Deren alifika miaka mitano tu baada ya moto huo. Mkulima wa Haiti aliyemwona mgeni mweupe na kamera alikuwa na sababu za kutosha za kunyamaza.

Katika dibaji ya kitabu chake Deren anaeleza namna alivyoingia, na maelezo hayo yanastahili kuzingatiwa na yeyote anayefundisha mbinu za utafiti. Anasema hakuuliza maswali. Akiwa msanii katika jamii ya viwanda, alikuwa amezoea kutazamwa kama kioja na kuhojiwa na watu waliotaka kujua siri zake, na hakutaka kuwafanyia wengine hivyo. Alikaa, akasubiri, na waliomkaribisha walimwonyesha walichoona anafaa kuonyeshwa. Kuna kujisifu kidogo katika maelezo haya. Kuyalinganisha mateso ya msanii wa mtaa wa Greenwich Village na ya mtu aliyechomewa ngoma zake ni kukosa mizani, na wahakiki wa baadaye wamekuwa sahihi kulisema hilo. Hata hivyo mbinu yenyewe ilizaa matunda. Alirudi Haiti mara kadhaa hadi 1954, akaruhusiwa kupiga picha za ibada zenyewe, na si za ngoma za maonyesho tu.

Jambo linalofuata ndilo kiini cha insha hii. Katika dibaji hiyohiyo anakiri kwamba alikwenda Haiti kama msanii wa kuvipanga vipande vya uhalisi kwa matakwa yake, na akaishia kulazimika kuutambua uhalisi uliokuwa na mpango wake tayari. Kisha anataja hali ya vifaa vyake kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani: picha ziko kabatini katika sanduku lisiloshika moto, karibu kama zilivyotoka kwenye kamera; sauti bado ziko kwenye waya zake za awali; picha za mnato ziko katika droo zikisubiri kusafishwa; mpango wa filamu uko mahali fulani kati ya mafaili. Hamtupii lawama mfadhili, wala hatoi ahadi. Kilichopo mahali pa filamu, anasema, ni kitabu, na kitabu hakikuwa kazi aliyoikusudia.

Kwa nini kalamu iliweza na kamera isiweze? Jibu liko katika sura ya mwisho ya Divine Horsemen, ambayo anaiita giza jeupe. Anasimulia humo jinsi yeye mwenyewe alivyopandwa na Erzulie, lwa wa mapenzi. Mguu unagandamana na ardhi, ngoma inakaza, anapambana, weupe unampanda kutoka miguuni mpaka kichwani. Kisha simulizi linakatika. Linaanza tena anaporudi. Hawezi kusimulia katikati, kwa sababu kanuni ya Haiti ni ileile ya pwani yetu: kiti hakikumbuki. Yeye mwenyewe anasisitiza kwamba faida ya kupandwa haimwendei farasi. Jamii ndiyo inayozungumza na lwa, ndiyo inayoshauriwa na kukaripiwa. Aliyepandwa huamka amechoka na hajui lililopita.

Tuiweke kamera katika hali hiyo. Anayeishika lazima abaki yeye. Lazima apime mwanga, akaze springi ya Bolex kila baada ya sekunde thelathini hivi, achague aelekee wapi. Katika ibada ambayo lengo lake ni mtu kuondoka na kumpisha mwingine, mpiga picha ndiye pekee aliyefungwa asiondoke. Deren alijua pande zote mbili kwa mwili wake, jambo ambalo ni watengenezaji filamu wachache wa kizazi chake wangeweza kulidai. Kalamu ilimruhusu kuacha pengo katika ukurasa na kuliita pengo. Uhariri aliokuwa bingwa wake ulikuwa sanaa ya kuficha mapengo: mguu unainuka huku, unashuka kule, na jicho halioni mshono. Kuutumia ufundi huo juu ya mtu aliyepandwa kungemaanisha kumpanda mara ya pili.

Pingamizi mbili

Msomaji makini atasema kwamba hoja hii inamstahi mno marehemu. Deren alikuwa maskini. Aliishi miaka yake ya mwisho Morton Street kwa mihadhara na misaada, na mwaka 1955 alianzisha wakfu wa kuwatunza watengenezaji filamu huru huku yeye mwenyewe akihitaji kutunzwa. Filamu yake ya mwisho, The Very Eye of Night, ambamo wachezaji wanaelea kama nyota katika picha zilizogeuzwa weusi kwa weupe, haikuonyeshwa New York mpaka 1959 kwa sababu ya matatizo ya fedha, ingawa kazi yake ilianza mwanzoni mwa muongo huo. Mtu asiyeweza kumaliza filamu ya dakika kumi na tano kwa wakati ataharirije saa kadhaa za Haiti?

Pingamizi hili lina nguvu, lakini The Very Eye of Night yenyewe inalipunguza. Fedha zilipopatikana, hata kwa taabu, alizielekeza kwingine. Vivyo hivyo mwaka 1948, akiwa ametoka tu Haiti, alitengeneza Meditation on Violence pamoja na Chao-Li Chi, filamu ya sanaa za mapigano za Kichina inayofika kileleni kisha kurudi nyuma kwa picha zilezile kinyumenyume, huku filimbi ya Kichina na ngoma za Haiti zikisikika. Ngoma za Haiti ziliweza kuingia katika filamu yake. Nyuso za Haiti hazikuingia. Tofauti hiyo haielezwi na umaskini.

Pingamizi la pili ni la kielimu. Yapo madai katika kitabu cha Deren ambayo hayakusimama. Aliamini kwamba ibada za Petwo zilirithi mengi kutoka kwa wenyeji wa kale wa kisiwa, ilhali watafiti wa baadaye wameelekea zaidi kwenye chimbuko la Kongo. Kwa hiyo, husemwa, asifanywe kigezo cha uaminifu kwa uhalisi wa Haiti. Tunakubali kosa hilo. Lakini kosa katika kitabu hujibiwa kwa kitabu kingine. Anayepanga upya picha za ibada huacha kitu ambacho macho hukiamini bila kuuliza.

Tetesi kwamba aliuawa kwa uchawi wa Haiti zimeandikwa mno, na zinaendeleza ileile biashara ya White Zombie. Alifariki kwa kuvuja damu katika ubongo. Hatutazijadili.

Filamu ya 1977

Mumewe wa mwisho, mwanamuziki Teiji Ito, ambaye ndiye aliyeipa Meshes of the Afternoon muziki inaoonyeshwa nao leo, alilitunza sanduku. Yeye na mkewe wa baadaye, Cherel Ito, walizihariri picha za Haiti na kukamilisha mwaka 1977 filamu ya dakika 50 hivi iliyopewa jina la kitabu. Sauti na picha hazikuwa zimerekodiwa kwa pamoja, hivyo ilibidi zilinganishwe baadaye. Na juu yake yakawekwa maelezo yaliyotolewa katika maandishi ya Deren. Teiji Ito alifariki nchini Haiti mwaka 1982.

Mwandishi wa insha hii aliiona filamu hiyo kwa mara ya kwanza darasani, ikitambulishwa kuwa ya Deren, na kwa muda mrefu hakuwa na sababu ya kushuku. Ni filamu yenye thamani kubwa. Bila wawili hao, michoro ya unga ardhini, farasi wa Agwe na wa Ghede, na mikono ya wapiga ngoma wa miaka ya 1940 vingebaki gizani kwa wote isipokuwa wahifadhi. Hata hivyo inafanya mambo mawili ambayo Deren hakuyafanya katika filamu yake yoyote. Inaweka sauti ya msimulizi inayojua. Na inapanga ibada kwa taratibu za lwa mmoja baada ya mwingine, kama sura za kitabu, hivyo mtazamaji hupata maelezo mahali ambapo mwandishi wa maelezo hayo alikuwa ameacha pengo. Maneno ni yake, picha ni zake, na mkono ulioviunganisha si wake.

Wahariri wa juzuu za The Legend of Maya Deren, VèVè Clark, Millicent Hodson na Catrina Neiman, ambao juzuu zao zilitoka mwaka 1984 na 1988, walionyesha njia nyingine. Waliziweka barua, hati na mahojiano kwa mfuatano wa miaka, na mwanya ulipokuwepo waliuacha uonekane. Picha za Haiti zinahitaji uchapishaji wa aina hiyo: vipande vyote, kwa mpangilio vilivyopigwa, bila sauti mahali ambapo sauti haijulikani. Vipo katika hifadhi ya Anthology Film Archives mjini New York, na karatasi zake ziko Chuo Kikuu cha Boston, miji miwili iliyo mbali na vijiji vya Haiti ambako wajukuu wa waliopigwa picha ndio wenye uwezo wa kusema nani alikuwa kiti na nani alikuwa amemkalia.

Katika orodha ya kazi za Deren iliyotumika katika utafiti huu, filamu ya 1977 imewekwa chini ya majina ya Teiji na Cherel Ito. Chini ya jina la Deren, kwa mwaka 1947 hadi 1954, imeandikwa: picha za Haiti, milimita 16, bila sauti, hazijahaririwa.